Yasinta Gabrieli Mughwai, Fundi Aliyegonga Milango

Ndugu waombolezaji, majirani wa Itigi, na ninyi mliotoka Mtinko, Manyoni na Singida mjini. Mimi ni Jenipher, mdogo wake marehemu wa kufuatana naye ziwa. Kamati ya mazishi imeniomba nisome wasifu huu kwa upole, na aya moja nikaombwa niiruke. Nitasoma kwa heshima. Upole siwezi kuahidi, na sitaruka kitu.

Marehemu Yasinta Gabrieli Mughwai alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Mtinko, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gabrieli Mughwai na marehemu mama Sara. Wazazi wetu walikuwa wakulima wa mtama na walifuga ng'ombe wachache. Mama alikuwa akisimulia kwamba Yasinta akiwa bado hajaanza shule aliifungua tochi ya baba kwa ncha ya kisu, akavipanga vipande vyote juu ya ngozi ya mbuzi, akavirudisha, na tochi ikawaka. Baba alimchapa kwa kuifungua, kisha akamsifia kwa jirani. Yasinta aliikumbuka ile fimbo kuliko zile sifa. Alikuwa hivyo hadi mwisho: akionewa, hasahau.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kwetu Mtinko, akafaulu kwenda sekondari Tabora mwaka 1968. Mwaka 1974 alichaguliwa kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam kusomea mawasiliano. Darasani wasichana walikuwa wawili, na mwenzake aliacha. Yasinta alihitimu mwaka 1976. Picha aliyopiga siku ile mmeiona mlangoni. Kila mtu ananiuliza mbona hakucheka. Hakucheka kwa sababu mpiga picha alimwambia, "Dada, wewe shika maua, hicho kipima umeme mpe kaka." Angalieni vizuri mkono wake wa kulia. Ameshika kipima umeme.

Januari 1977 aliajiriwa reli, akapangiwa hapa Itigi kuwa fundi wa simu na ishara za treni. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Alipanda nguzo kwenye jua la Oktoba na kwenye upepo wa Julai. Mwaka 1996, wafanyakazi walipopunguzwa, na yeye alipunguzwa. Wengi wenu mliokaa hapa mlipunguzwa siku ileile na mnajua ilivyokuwa. Alirudi nyumbani, akavua buti, akaniambia, "Jeni, wameniachia mikono. Hiyo inatosha kuanzia."

Ndoa. Alifunga ndoa na shemeji yetu Antipasi Alute tarehe 4 Agosti 1979, katika kanisa la hapa Itigi. Antipasi alikuwa mfanyabiashara wa asali, akiinunua kwa warinaji wa porini na kuipakia kwenye treni. Walijuana kwa sababu ya redio. Aliipeleka kwa Yasinta itengenezwe, ikatengenezwa, na baada ya wiki akairudisha. Yasinta akaifungua, akachungulia, akamwambia, "Huu waya haukukatika. Umekatwa, tena kwa kisu chenye asali." Antipasi akakubali kosa palepale. Mungu aliwajalia watoto wawili, Febronia na Philipo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baadhi yenu mngependa nilipite haraka.

Baada ya kupunguzwa, Yasinta aliweka meza ya ufundi barazani kwake. Ilikuwa miaka ya soko huria. Redio, televisheni, saa na spea za kila namna zilishuka kutoka kila treni. Ndipo alipokutana na kitu kilichompendeza kuliko vyote, kile kichipu cheusi chenye miguu pande mbili ambacho mafundi hukiita maikrokontrola. Unakiandikia maagizo kwenye kompyuta, unakitia kwenye kifaa chako, na kinayafuata maagizo yale bila kuchoka. Paroko alimruhusu kutumia kompyuta ya parokia. Mwaka 1997 akaanzisha kikundi cha watu waliopenda mambo hayo kwa kujifurahisha tu. Walikuwamo Miraji mwenye mashine ya kusaga, mwalimu Winfrida, na Chediel, ambaye alikuwa amefungua duka la spea karibu na stesheni. Jumamosi walikutana ukumbi wa parokia. Walitengeneza kengele ya shule, taa za kufukuza fisi zizini, na kifaa cha kumwambia Miraji kwamba mota yake imepata joto.

Aliwafundisha jinsi ya kuchagua vifaa. Swali lake la kwanza halikuwa kifaa kinafanya nini, lilikuwa kitakaa wapi. "Boksi lako litakaa chini ya bati la Itigi," alisema. "Kapasita isiyovumilia joto utaizika kabla ya Krismasi." Chediel alipotaka chipu mpya yenye kasi, Yasinta alimjibu, "Kengele ya shule inakimbia kwenda wapi? Chukua hii ya zamani, inakula umeme kidogo na nimeshaijua tabia yake." Vifaa hafifu vilivyosuguliwa maandishi na kuandikwa upya ili viuzwe kama vya aina bora, aliviogopa kuliko nyoka. Alitembea na kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha, yeye ambaye kucha hakupaka hata siku ya harusi. Muuzaji akimpa kifaa, alikifuta hapohapo kaunta. Maandishi yakitoka, alikirudisha na kuondoka bila kuaga.

Mwaka 2000 nesi Cecilia, wa zahanati ya kijiji kimoja kaskazini mwa reli, aliomba msaada. Kijiji sikitaji kwa sababu wazazi wenyewe wamo hapa. Friji lao la chanjo lilikuwa la gesi, na moto wake ulizimika bila mtu kujua. Kikundi kiliamua kutengeneza king'ora: joto la friji likipanda, kilie nyumbani kwa nesi. Yasinta alichora, akaandika maagizo ya chipu, akachagua kila kifaa kwa mkono wake. Vingine aliviagiza Dar kwa makondakta wa treni. Hasa alihangaikia regyuleta, kifaa kinachopunguza umeme wa betri ya sola ili chipu isiungue.

Mei mwaka ule mama Sara aliugua, Yasinta akaja Mtinko tukamuuguza. Vifaa vyote alivifungasha kwenye kopo la majani ya chai, akamkabidhi Chediel alehemu. Mama alifariki Juni. Yasinta aliporudi alikuta king'ora kimeshafungwa. Alikijaribu, kikalia. Julai kuna baridi. Kila kitu hulia Julai.

Oktoba 2001 Cecilia alifungua friji asubuhi akakuta vibarafu vimekuwa maji ya uvuguvugu. King'ora kimya. Yasinta alipanda baiskeli akaenda. Alifungua boksi, na regyuleta aliyoikuta haikuwa yake. Ilikuwa imebabuka, na chipu imeungua. Akatoa kichupa chake, akafuta. Maandishi yalitoka yote kwenye kitambaa.

Alienda moja kwa moja dukani kwa Chediel. Miraji alikuwepo, na haya ndiyo aliyotusimulia.

"Chediel, vifaa vyangu viko wapi?"

"Nilimpa mteja, dada. Televisheni yake ilikuwa imekwama. Nikaweka vya dukani."

"Kwa nini?"

"Niliona vinafanana."

Hayo tu. Niliona vinafanana. Watoto wa kijiji kizima walichomwa chanjo kutoka friji ambalo halikuwa na mlinzi, na hakuna aliyejua ni tangu lini, kwa sababu mtu aliona vinafanana.

Yasinta alikwenda kwa ofisa mmoja wa mambo ya biashara. Yule bwana alimkaribisha kiti akamwambia, "Mama, siku hizi ni soko huria. Mnunuzi ndiye anayechagua." Yasinta akamjibu, "Mtoto wa miezi tisa alichagua nini?" Bwana yule akaangalia saa.

Angeweza kukaa nyumbani. Kosa halikuwa lake, na Chediel asingesema. Lakini jina lililoandikwa kwenye lile boksi lilikuwa la Yasinta. Akamwambia Cecilia, "Chanjo mpya ikifika, wale watoto wote lazima warudi. Twende tukawaambie mama zao." Wakaanza kugonga milango. "Hodi, mama. Mimi ndiye niliyetengeneza king'ora cha zahanati. Hakikulia. Chanjo ya mwanao huenda ilikuwa imeharibika. Mrudishe."

Na ninyi mlimfanya nini? Mlimfungia milango. Mlimwita mchawi wa chanjo. Kuna aliyemmwagia maji ya kuoshea vyombo. Meza yake ya barazani ilivunjwa mchana, watu wakiangalia. Wengine waliofanya hayo nawaona kutoka hapa niliposimama, mmevaa nguo nyeusi na mmekuja na sufuria za kupikia wageni. Asanteni kwa sufuria.

Surua iliingia kabla chanjo mpya haijafika. Mtoto wa Magdalena, mmoja wa mama wa kijiji kile, alifariki. Aliitwa Peniel, na alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kuta. Magdalena ameniruhusu kusoma jina lake na la mwanawe. Yasinta alikwenda msibani. Magdalena alinyanyuka kwenye mkeka akampiga kofi mbele ya wote. Yasinta hakuinua mkono. Alikaa chini pale pale alipopigwa, akakaa hadi mazishi yalipokwisha.

Baada ya matanga Magdalena alimfuata Yasinta nyumbani. Hakukaribia hata kiti. Alisimama mlangoni akasema, "Wewe hawakufungulii. Mimi watanifungulia. Tutaanzia nyumba gani?"

Walitembea wote wawili, na Cecilia nyuma yao, kijiji chote na vitongoji vyake, mpaka kule kwa wafugaji ambako njia ya baiskeli inaishia. Miraji alitoa trekta lake kubeba watoto. Safari hii milango ilifunguliwa, maana nani angemfungia mama aliyezika? Watoto wakachanjwa upya. Surua iliua wengine wawili, kisha ikaisha. Ingeua wangapi kama Yasinta angekaa kimya, kila mmoja wenu mwenye mjukuu pale akahesabu mwenyewe.

King'ora kipya alikitengeneza mwenyewe, akakilehemu mwenyewe, na safari hii alikipasha joto kwenye sufuria ya mchanga wa moto kabla hajakifunga. Kinafanya kazi hadi leo. Lakini kikundi cha Jumamosi hakikukutana tena.

Mwaka 2003 aligunduliwa kuwa na saratani ya ziwa. Alitibiwa hapa, kisha Dar es Salaam, akarudi Februari mwaka huu, 2004, akisema anataka kusikia treni zikipita. Antipasi alimlisha kwa kijiko, Febronia akamwogesha. Maumivu yalikuwa makali, na hakujifanya shujaa. Alilia, na alipolia alitukana, na mapadre watusamehe.

Mwezi Mei Chediel alikuja kumwona. Siku hizi ana duka kubwa Singida mjini. Alikuja na matunda, akakaa kitandani, akaanza kusema habari za kusameheana. Yasinta alimkatisha. "Zile nyingine umeziuza wapi?"

"Zipi, dada?"

"Ulikuwa na boksi zima. Regyuleta zilezile. Ziko kwenye nini sasa, Chediel? Ziko kwenye friji la nani?"

Chediel alisema hakumbuki. Yasinta akageuza uso ukutani, na hakusema naye tena. Huo ndio msamaha alioupata, na ndiyo ile aya niliyoombwa niiruke, kwa sababu Chediel yupo hapa leo na ametoa gari la kubebea jeneza. Tumelitumia gari, Chediel. Marehemu aliuliza swali na hakujibiwa. Mimi naliuliza tena mbele ya watu hawa wote, na nitakuja kuliuliza dukani kwako, kwa sauti hii hii, wateja wakisikia, mpaka utakapokumbuka.

Yasinta alifariki Jumatano tarehe 9 Juni 2004, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Magdalena alikuwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, Antipasi Alute, watoto wawili, Febronia na Philipo, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na wajomba, shangazi na binamu wengi wa Mtinko. Ameacha pia watoto wa kile kijiji, ambao jana nimewaona wakikimbizana nyuma ya zahanati, wakipigana kwa sababu ya mpira wa matambara, wenye afya na kelele za kuudhi. Hawajui jina lake. Mama zao wanalijua. Leo mkirudi nyumbani, watajieni.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, hilo tunalipokea.

Dada Yasinta, pumzika. Hasira tuachie sisi.