Mama Yuster na Maonyo ya Mashine ya Maji

Baba Padre, masheikh na wazee wetu, ndugu wa Mkunya na wa Newala mjini, nanyi mliopanda leo kutoka Masasi na Chiwata, kabla hatujamsindikiza ndugu yetu kule tunakokwenda, familia inaomba mtulie kidogo msikie alivyoishi. Anayesoma ni Edmund, mdogo wake Mwalimu Silvano, yaani shemeji wa marehemu, na familia ilimteua ikijua fika kwamba ana mdomo, kwa hiyo utani ukimponyoka katikati ya machozi mmvumilie, kwa kuwa marehemu alimvumilia kwa miaka ishirini na mitano.

Emilia Cuthbert Chitanda alizaliwa hapa Mkunya tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa pili wa marehemu mzee Cuthbert Chitanda, aliyekuwa mwalimu wa dini wa kanisa letu, na marehemu mama Anjelina, akitanguliwa na dada yake Getrude, ambaye wengi mnamwita Mama Sijaona. Utoto wao ulikuwa utoto wa watoto wote wa uwanda huu zamani zile, korosho ipo, muhogo upo, maji hayapo, na alfajiri mabinti waliteremka bondeni na ndoo, wakachota chemchemini, wakapanda ule mlima huku jua likiwapanda mgongoni. Getrude ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusokota ngata na kujitwisha, na wenzao waliokuwapo wanasema Emilia alikuwa akifika nyumbani na nusu ndoo, nusu nyingine ameivaa.

Alisoma Shule ya Msingi Mkunya kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Masasi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, na mwaka 1976 akaajiriwa Dar es Salaam na shirika moja la umma, kazi yake ikiwa ni kutoboa kadi za mashine za hesabu, zile kompyuta za zamani zilizojaa chumba kizima na kupepewa kuliko wakurugenzi. Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Silvano wa Chiwata, na Mungu akawajalia watoto watatu, Yuster aliyezaliwa mwaka 1980, Eliakimu mwaka 1983 na Godwin mwaka 1988. Siku zile mshahara ulikuwa mshahara, na Emilia alipokuja likizo na gauni la kitenge na viatu vya kisigino, Mkunya nzima ilitoka kumtazama.

Kisha nchi ikafungua milango, biashara zikawa huru, mashirika yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, na mwezi Juni 1992 Emilia akapunguzwa kazi. Walirudi Newala pamoja, Mwalimu akapata uhamisho, mke akafungua darasa la kupiga chapa chini ya kibanda, na wengi wetu tulidhani habari ya kompyuta katika maisha yake imekwisha, lakini mwaka 1997 ukaja mradi wa maji wa vijiji, uliojengwa kwa msaada wa wahisani, wenye pampu kule bondeni, matangi huku juu, na kati yake kompyuta moja iliyopokea kwa redio habari za matangi na kuziamuru pampu ziwake au zizime. Kompyuta ile ilitumia Linux, mfumo ambao haukuoneshi picha wala madirisha, unakuwekea maandishi kwenye kioo cheusi na unataka nawe ujibu kwa maandishi. Emilia alipelekwa Dar es Salaam miezi mitatu, akafundishwa na Mhandisi Ashraf, ambaye tunamshukuru kwa kuwa nasi leo, akarudi akakabidhiwa chumba cha mashine.

Alikuwa na tabia moja ambayo ndiyo tutakayoikumbuka. Kila asubuhi, kabla ya chai, alisoma maonyo yote yaliyoandikwa usiku na kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma, yaani na diski, na kumbukumbu na redio. Mafundi wengi wakiona ni onyo tu na kazi inaendelea, wanapita zao. Emilia hakupita hata mara moja, na shemeji yake huyu alipomcheka alijibiwa, "Edmund, kosa likishatokea limetokea, lakini onyo ni mtu anapiga hodi, sasa wewe utakaaje ndani kimya?"

Sasa ndugu zangu, yapo ambayo familia ilijadiliana kama yasomwe au yaachwe, na Mama Sijaona mwenyewe ndiye aliyesema yasomwe.

Mnakumbuka miaka ile baada ya biashara ya korosho kuachiwa watu binafsi, mkulima akawa anajitafutia mwenyewe salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua, na wezi nao wakajua thamani yake, mfuko unaulaza uani, asubuhi huukuti. Mwaka 1999, msimu ulipokaribia, Getrude alimwomba mdogo wake amwekee mifuko yake katika chumba cha mashine, kwa kuwa ndicho chumba pekee kijijini chenye kufuli la maana, dirisha la nondo na sakafu isiyoingia maji. Angemkataliaje dada yake? Akafuata jirani, akafuata mke wa jirani, na Emilia, ambaye neno hapana lilikuwa likimkwama kooni, akawapokea wote, mpaka ikawa ukiingia mle ndani unapita kiubavu kati ya mifuko, na unga wa njano umetanda hadi juu ya kompyuta.

Mwezi Juni maonyo yakaanza kuwa mengi. Kiini kilisema kimesoma kitu katika kumbukumbu na kukuta sicho kilichoandikwa, mara kikasema diski haijibu, na baada ya siku chache mashine ikawa inaganda kabisa, pampu zinabaki zinasubiri amri, matangi yanakauka, mtu anashuka bondeni kuziwasha kwa mkono, na wanawake wakaanza tena kutoa ndoo zao kwenda chemchemini. Hilo lilimuuma Emilia kuliko yote. Alidhani kiini kimezeeka, na kwa kuwa mradi ulishaleta kadi mpya ya redio ambayo kiini cha zamani hakikuitambua, akaamua kujenga kipya kutoka kwenye maandishi yake ya asili, yaani amri walizoziandika watunzi wake, kazi ambayo mashine yenyewe huifanya kwa saa kadhaa, faili baada ya faili, ukiitazama tu. Ikajenga, ikakata njiani na kuandika kosa. Akarekebisha alipodhani pamekosewa, akaanza upya, ikakata. Alihangaika hivyo mpaka Mwalimu akawa anampelekea chakula kule kule na kurudi nacho kilivyo.

Ndipo akapanda gari hadi posta ya Newala, akampigia simu Mhandisi Ashraf, na mhandisi, baada ya kumsikiliza, akamuuliza jambo moja tu, je, inakufia mahali pale pale, au kila mara inakufia mahali pengine? Emilia akasema inahama. "Basi acha kusoma maandishi, mama," akaambiwa, "kosa la mwandishi hukaa mahali pamoja, kosa linalohamahama ni la vyuma. Fungua mashine."

Akafungua. Meno ya vibao vya kumbukumbu yalikuwa yameingia weusi, na weusi ule aliujua, kwa sababu pete yake ya ndoa, ambayo ni ya fedha, ilikuwa ikiingia weusi huo huo kila msimu wa salfa. Akageuka akaitazama mifuko. Aliyasugua meno yale taratibu kwa kifutio cha penseli cha Godwin, akapuliza, akarudisha vibao mahali pake, akaanza kujenga, na mashine ikaenda mchana kutwa bila kukata, na kiini kipya kilipowaka hakikutoa onyo hata moja. Jioni ile mabomba ya Mkunya yalitoka maji, na kuna watu hapa walioga mara mbili.

Lakini mifuko ilipaswa kutoka, na Emilia, kwa hofu ya mashine, aliitoa siku hiyo hiyo. Waliokuwapo walikuja kuchukua ya kwao kwa manung'uniko. Getrude hakuwapo, alikuwa Mnyambe kwenye msiba, na mifuko yake ikawekwa barazani pale nje ya chumba, ikafunikwa turubai, akaachiwa mlinzi. Asubuhi lilikutwa turubai tu. Msimu ule maua ya mikorosho ya Getrude yalikauka yote, ile ile aliyoipanda na marehemu mumewe, na mwanawe Sijaona akakosa ada, akakaa nyumbani mwaka mzima badala ya kwenda shule.

Emilia alikwenda kwa dada yake akapiga magoti, akataka kulipa, na Getrude akamwambia maneno ambayo marehemu alikuwa akiyarudia hadi mwisho, "Mashine yako ilikuonya mwezi mzima, Mama Yuster, na ukaisikiliza. Mimi hukunionya hata siku moja." Malipo akayakataa. Na tangu siku hiyo hakuchota tena bombani, alichukua ndoo yake akawa anateremka bondeni kama zamani, mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini na mitano, huku bomba likimwaga maji hatua chache kutoka mlangoni pake. Padre alisema naye, wajomba walisema naye, Bibi Mwanasha jirani yao alisema naye, wapi. Emilia, aliyekuwa akishinda na mashine ili mwanamke wa Mkunya asipande tena mlima ule na ndoo, kila asubuhi alimwona dirishani dada yake wa tumbo moja akiupanda, na hilo lilimla ndani kwa ndani zaidi ya miaka miwili.

Mwezi Oktoba 2001 aliomba likizo. Tulidhani anakwenda Dar kwa Yuster. Kumbe alinunua ndoo, na alfajiri akamfuata Getrude bondeni, akachota naye, akapanda nyuma yake bila kusema neno, na kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata, Getrude mbele, Emilia nyuma, na watu wakitoka nje kuwatazama. Wiki ya pili, katikati ya mlima, Emilia aliteleza, maji yakamwagika yote, akabaki ameshika ndoo tupu. Getrude alisimama, akatua ya kwake, akaitazama ngata ya mdogo wake, akaifumua, akaisokota upya. "Umesahau hata kujitwisha," akasema. "Na hiyo mashine umemwachia nani?" Emilia akamjibu, "Nimeiacha ijionye yenyewe, dada. Nimekuja kusikiliza ya kwako." Waligawana ndoo iliyobaki, wakafika juu wanacheka na kulia, wamelowa wote wawili, na tuliowaona hatutasahau.

Getrude hakuja bombani kesho yake, wala keshokutwa, maana naye ana heshima yake ya kulinda. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akapanga ndoo yake foleni kama mtu mwingine yeyote.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri sana, na tunaikumbuka kwa uchungu kwa sababu ilikuwa michache. Salfa ilijengewa banda lake mbali na mashine, Sijaona alimaliza shule, na jioni dada hawa walikaa pamoja mlangoni mwa chumba cha mashine, mmoja akibangua korosho na mwingine akimsomea maonyo ya siku, naye Getrude akitoa hukumu kwa kila onyo, hili kubwa, hili porojo.

Mwezi Agosti 2003 Emilia aligundua uvimbe katika titi lake la kushoto. Hakumwambia mtu. Mwalimu aliambiwa mwezi Desemba, na Getrude hakuambiwa mpaka Machi mwaka huu, ugonjwa ulipokuwa hauwezi kufichika tena, kwa sababu, kama marehemu alivyoeleza, dada yake alikuwa amecheka kwa miaka miwili tu na hakutaka kumkatiza. Alitibiwa Masasi, akapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, akarudishwa nyumbani mwezi Julai kwa ombi lake mwenyewe, akauguzwa na Getrude usiku na mchana, na Jumamosi tarehe 14 Agosti 2004, saa kumi jioni, akafariki dunia mikononi mwa dada yake. Ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Masasi na Dar es Salaam, Mhandisi Ashraf na wafanyakazi wote wa mradi wa maji, Bibi Mwanasha, Shakila na akina mama wa msikitini ambao sufuria zao hazijashuka jikoni tangu Jumamosi, akina mama wa kanisa, na Silvesta, ambaye amekaa kwenye mashine siku zote tatu hizi ili wageni wasikose maji. Tusiowataja, mtuwie radhi.

Mama Sijaona hakuweza kusimama hapa, ila ametutuma neno, na tunalisoma kama alivyolisema. Anasema, "Emilia mdogo wangu, mara ya pili hii hukunionya. Mara ya kwanza nilikununia miaka miwili, na siku zile nazitafuta leo sizioni. Safari hii sikununii hata siku moja. Nimekusamehe hapa hapa, kabla udongo haujaingia."

Pumzika kwa amani, Mama Yuster.