Barua Mbili za Vaidehi Sutar

Risala ya wanafunzi wa darasa la kumi na mbili B, Shule ya Sekondari ya Bhairoba, Nimgaonwadi, wilaya ya Kolhapur

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Bi. Kaarina Lehtovaara, Mkuu wa Udahili wa chuo kikuu, uliyeacha theluji ya Ufini ukaja kukaa na sisi kwenye jua hili, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, nanyi nyote mliojazana madirishani kwa kukosa viti:

Karibu sana. Kilemba tulichokuvika ndiyo heshima ya juu ya mji huu. Tunakuomba usikiguse mpaka tupige picha, kwani mzee aliyekifunga ameshakwenda zake shambani, na kikifunguka hakuna mwingine hapa anayejua kukirudisha. Chai iliyo mbele yako imetiwa sukari guru ya hapa hapa. Ukimaliza kikombe utaongezewa. Usipomaliza utaongezewa pia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ndiye anayekutafsiria. Ukimwona anasita, si kwamba maneno yamempotea. Naye anayasikia leo kwa mara ya kwanza. Mkuu wa Shule aliitia saini rasimu baada ya kusoma ukurasa wa kwanza, ule unaohusu vyoo na paa la maabara. Ukurasa huo tumeuambatisha mwisho. Tunamshukuru kwa kutuamini, na tunamwomba asisimame.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, mji wetu una miwa, una champali za ngozi, na una watoto wanaotaka kuondoka. Kila mwaka wawili watatu huenda kusoma ng'ambo, na wote husoma kompyuta. Anayetaka kusoma kitu kingine hupelekwa kwanza kupimwa homa.

Mwezi wa Juni mwenzetu Vaidehi Sutar, binti wa seremala Pandurang Sutar, alitangaza kwao wakati wa chakula kwamba anataka kwenda Ufini kusomea ujenzi wa mbao. Shangazi yake akaweka mkate wake chini.

"Mbao?" akasema. "Uvuke bahari kwenda kusoma mbao? Baba yako si anazo hapo uani? Toka nje ukasome, bure, na chakula utaletewa."

"Shangazi, wenzetu wanajenga ghorofa kumi na nne kwa mbao tupu."

"Na mchwa?"

"Kule hakuna mchwa. Baridi inawaua."

"Basi itakuua wewe kwanza, mchwa watakuja kwenye mazishi."

Baba yake, aliye mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja tu: "Randa wanatumia ya mkono au ya umeme?" Vaidehi akasema hajui. "Nenda ukajue," baba akasema, akaendelea kula. Vaidehi ametuambia kwamba usiku ule alilala akitabasamu, maana kwa baba yake hiyo ilikuwa ruhusa.

MAFANIKIO

Tuna mafanikio mengi, na karibu yote ni ya Vaidehi. Alipata pasipoti. Alifaulu mtihani wa Kiingereza kwa alama ambazo mwalimu wetu wa Kiingereza ameomba tusizitaje hadharani, kwa sababu naye aliwahi kuufanya. Insha yake aliiandika mara kumi na moja.

Ikabaki barua moja, ya mwalimu wa kumshuhudia. Naye akamchagua Mwalimu Digambar Phadtare wa fizikia, yule pale safu ya pili, mwenye kalamu nyekundu mfukoni.

Mgeni rasmi, Mwalimu Phadtare amefundisha miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kumsifu mtu kwa jambo ambalo hakulifanya. Mzazi mmoja mkubwa wa mji alipomuuliza habari za mwanawe, alijibu, "Mwanao ni mpole. Tuishie hapo." Juzi tulimpa rasimu ya risala hii atusahihishie sarufi. Tulipoandika "mwalimu wetu mpendwa" alilifuta neno la mwisho, akaandika pembeni: "Si kwa wote. Semeni kweli."

Kompyuta haigusi. Barua aliiandika kwa mkono, akampa Vaidehi karatasi ikiwa wazi, akatuagiza tuipige chapa na kuituma kupitia anwani ya barua pepe tuliyomfungulia sisi wenyewe. Neno la siri la anwani hiyo lilikuwa linajulikana na darasa zima, watu thelathini na sita.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni kwamba tuliisoma. Tunainukuu yote, kwa ruhusa ya mwandishi na ya aliyeandikwa:

"Nimemfundisha Vaidehi Sutar miaka miwili. Ana akili kuliko mwanafunzi yeyote aliyepita mikononi mwangu. Ana kiburi. Mwezi wa Agosti alinisahihisha mbele ya darasa, na alikuwa sahihi. Nilikasirika siku tisa. Mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Hawezi kukaa na mjinga bila kumjulisha kwamba ni mjinga. Akipata watu wanaomzidi, atanyooka. Hapa hawapo. Mchukueni."

Darasa zima likapiga kelele.

"Mzee amekuzika huyu!" akasema Prathamesh, kiranja wetu. "Kuku aliyekanyaga wino! Wewe ulimkosea nini?"

"Eti una kiburi," akadakia mwingine.

"Sina kiburi mimi!" akasema Vaidehi, na namna alivyolisema ilitufanya tutazame chini.

Mgeni rasmi, leo tukiisoma barua ile tunaona wazi ni kitu gani mwalimu alimpa. Siku ile tuliona kuku tu.

Hapo mjini, juu ya duka la peremende, kuna wakala wa safari za masomo ambaye hatutamtaja. Yeye huwapa wateja barua zilizokwisha kuandikwa. Unajaza jina na somo. Prathamesh akaenda akarudi nayo. Ilisema Vaidehi ni kiongozi wa kuzaliwa, amewahudumia wazee mia nne, na ni nahodha wa timu ya shule ya mpira wa magongo. Shule yetu haina timu ya magongo. Haina hata magongo, ukiacha la mlinzi wa getini.

Tukapiga kura barua ipi iende. Vaidehi tulimtoa nje, maana ni mhusika. Kumi na tisa walitaka ya wakala, kumi na sita ya Mwalimu. Tukaandika jina la Mwalimu Phadtare chini ya barua ambayo hakuiona, kisha tukamwita Vaidehi aje abonyeze mwenyewe. Alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Ametuambia kwamba hakuwa akiwaza wazee mia nne wala magongo. Neno "kiburi" lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na alitaka tu mtu yeyote duniani aseme jambo jingine juu yake. Akabonyeza.

Kuanzia siku hiyo hakuweza kumtazama Mwalimu usoni. Jioni alikuwa akiingia karakana ya baba yake na kupiga randa bila kuagizwa. Ubao mmoja wa msaji aliupiga mpaka ukawa mwembamba kama mkate wa papadi, na baba yake akauinua juani, akaona kivuli cha mkono wake upande wa pili.

Mwezi wa Januari jibu lako likafika. Amepata! Mji ulilipuka. Bango lenye uso wake likawekwa njia panda. Shangazi aligawa vitamu hadi kwa watu asiosalimiana nao, na jirani zake watatu wakaanza kumfumia Vaidehi masweta. Lakini mwisho wa barua yako, mgeni rasmi, palikuwa na mstari huu: "Tumefurahi kusoma kwamba wewe ni nahodha wa magongo. Timu yetu ya wanawake ya magongo ya barafuni inakosa mlinda lango, na mafunzo yanaanza wiki utakayofika."

Barafu kubwa kuliko zote alizowahi kuziona Vaidehi ni ile inayoelea kwenye glasi ya juisi ya miwa.

Habari zikaenea, na kwenye bango lake la hongera pakaongezwa neno "nahodha". Mwalimu wa michezo alihojiwa na gazeti la hapa, akasema kipaji cha binti huyu alikiona mapema. Mkufunzi wa mieleka akajitolea kumfundisha kuanguka. Shangazi, aliyekuwa adui wa safari, sasa ndiye aliyekuwa mbele.

"Magongo ni kitu gani?" akasema. "Si fimbo na mpira? Una miezi saba. Jifunze!"

"Kwenye barafu, shangazi?"

"Tutaazima ya muuza samaki."

Kila mtu akacheka isipokuwa Vaidehi. Alitoka akaenda karakana.

"Baba, watu wananiombea kwa Mungu nikacheze mchezo nisioujua."

"Nani amekwambia uucheze?"

"Barua."

"Barua ya nani?"

Akamweleza yote. Baba yake akaweka msumeno chini. "Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Basi huli chakula cha mchana nyumbani kwangu mpaka ajue."

Akaenda na njaa yake. Alimkuta Mwalimu Phadtare maabara, akizifuta lenzi kwa kitambaa na kuzipanga ndani ya sanduku.

"Sir, ile barua yako hatukuipeleka."

Mwalimu akaendelea kufuta. "Mlipeleka nini?"

Akampa nakala ya ile ya wakala. Mwalimu akaisoma akiwa amesimama, na mkono wake, pasipo yeye kuuambia, ukatoa kalamu nyekundu mfukoni.

"Makosa kumi na mawili," akasema alipomaliza. "Na hapa chini pana jina langu."

"Ndiyo, sir."

"Kwa hiyo Ufini wanaamini kwamba mimi, Digambar Phadtare, ndiye niliyeandika 'mwanafunzi huyu ana ubora nyingi sana'?"

Vaidehi akaanza kulia.

"Usilie juu ya lenzi." Akamsogezea kiti. Baadaye akauliza, na sauti yake haikuwa ya darasani, "Katika barua yangu, uongo ulikuwa wapi?"

"Haupo, sir."

"Kiburi?"

"Kipo, sir."

"Unadhani ningepoteza wino wangu kwa mtu nisiyemjali? Mpole mpole tu ndiye ninayemwandikia mistari miwili." Akafunga sanduku. "Peleka ile ya kwanza. Na ueleze kwa mkono wako mwenyewe; mimi sitakuombea."

Vaidehi akaandika, nawe ukajibu. Ulisema nafasi yake ipo, ila kwa kosa lile ataanza mwaka mmoja baadaye. Ulisema pia kwamba barua ya mwalimu umeisoma mara tatu, na kwamba ukija India ungependa kumpa mkono aliyeiandika. Vaidehi aliisoma mbele yetu hadi mwisho. Kisha akapanda ngazi njia panda na kopo la rangi la baba yake, akafuta neno "nahodha" kwenye bango, watu wakimtazama. Shangazi ndiye aliyemshikia ngazi.

"Fanya upesi," akamwambia, "na usifute hongera. Hiyo ni ya kweli."

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwanza, tunaomba vyuo vya ng'ambo vikipata barua ya kweli kutoka mji mdogo visidhani ni barua ya chuki. Mwalimu Phadtare anastaafu mwezi wa Aprili, na kabla hajaondoka anatuandikia wote. Anafuata mpangilio wa alfabeti, na sasa amefika herufi K. Tunaogopa, lakini hatujamwendea tena yule wakala.

Pili, hatuombi adhabu ya Vaidehi ipunguzwe. Ametukataza kabisa, na hata sasa hivi tunaposoma anatukata jicho. Tunataja tu, kama habari, kwamba masweta matatu yamekwisha, na sufu haikai vizuri kwenye joto hili. Tunataja pia kwamba baba yake alishatengeneza sanduku la safari, nalo linachukua nusu ya karakana.

Tatu, na hili ndilo tulilokusudia kulisema tangu mwanzo. Barua ile ilitafutwa na mmoja wetu, ikapigiwa kura na wengi wetu, ikapigwa chapa na sisi sote. Kidole kilikuwa cha Vaidehi. Mkono ulikuwa wa darasa. Basi tunakuomba ule mwaka mmoja usimwangukie yeye peke yake. Tugawie. Tuko thelathini na sita, kila mtu abebe siku kumi. Wanaotaka kwenda ng'ambo watachelewesha maombi yao kwa siku hizo, na wasiokwenda watafagia maabara. Vaidehi atatumikia kumi zake kama wengine. Hata wale kumi na sita waliopinga wamekubali, isipokuwa mmoja aliyeomba tano, akazomewa, akakubali.

Mwalimu Phadtare alipofika hapa katika rasimu, alitusahihisha hesabu. Kumi mara thelathini na sita ni mia tatu na sitini, akaandika, na mwaka una siku mia tatu sitini na tano. Darasa la kumi na mbili halipaswi kukosea hili. Tukadhani ndiyo basi. Lakini chini yake, kwa wino uleule mwekundu, alikuwa ameongeza mstari mmoja, nasi tunausoma kama ulivyo:

"Tano zilizobaki ni zangu. Nilitoa karatasi wazi, bila bahasha."

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe kwenu salama, akupe nyumba yenye joto na kazi yenye barua nzuri za kusoma, na autazame mji huu kwa jicho la huruma unapofikiria jibu lako.

Ni sisi, tukiwa tumesimama sote,
wanafunzi thelathini na sita wa darasa la kumi na mbili B,
Shule ya Sekondari ya Bhairoba, Nimgaonwadi.