Grasiana Mhina, Mama wa Yuditha (1912–1960)

Padri, wazee wetu, na ninyi mliotoka Ngombezi na Dindira kuja kutuzikia: anayesoma ni Ernesti, mdogo wake marehemu. Ukoo umeniomba nisome kwa utulivu. Nitajaribu, ila siahidi.

Marehemu Grasiana Mhina alizaliwa hapa Kwaluguru tarehe 3 Machi 1912. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mhina na mama yetu Paulina, ambaye amekaa hapa mbele na leo anamzika mwanawe. Baada yake tulizaliwa mimi na dada yetu Rosina.

Mwaka 1921 alianza shule ya misheni. Siku zile wasichana walipewa mafagio wakati wavulana wanaandika. Siku ya kwanza dada alifagia. Siku ya pili aliandika jina lake uwanjani kwa mpini wa ufagio, herufi kubwa kubwa, kisha akakataa kulifagia mpaka mwalimu aje alisome. Mwalimu alikuja, akalisoma, akampa nafasi kwenye benchi. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha kwa sababu juu ya hapo hakukuwa na darasa la wasichana.

Mwaka 1930 alikwenda kufanya kazi katika shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi. Alianza kwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, juani. Mwaka 1936 alihamishiwa zahanati ya kambi, kwanza kupiga deki, baadaye kumsaidia mkunga. Wengi waliozaliwa kambini miaka ile walipokelewa na mikono yake, na naona baadhi yenu mnatikisa vichwa.

Tarehe 18 Juni 1932 alifunga ndoa na shemeji yetu Yordani wa Dindira, fundi wa korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Kwa miaka kumi na mitano hawakupata mtoto. Wajumbe wawili walishuka kutoka Dindira kumshauri shemeji aoe mke mwingine. Aliwasikiliza, akawapikia chai, akawaambia, "Mimi nilimwoa Grasiana, sikuoa watoto." Shemeji, kwa neno lile ukoo wetu unakushukuru hadi leo.

Tarehe 9 Aprili 1947, mwanamke aliyeitwa Nyandwi alijifungua mtoto wa kike pale zahanati, akafa asubuhi ile ile. Alitoka Urundi. Alikuja na mumewe, ambaye alikuwa manamba, mfanyakazi wa mkataba, na mume huyo alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu wiki sita kabla. Dada alimfunga mtoto kwa kanga yake mwenyewe, akamleta nyumbani. Huyo ndiye Yuditha.

Sasa naomba msikilize vizuri, maana hapa nina kosa langu. Mimi nilikuwa katekista wa kambi. Dada aliniuliza afanye nini ili mtoto awe wake bila ubishi. Nikamwambia, simama naye kwenye ubatizo. Kambini, mama wa ubatizo ndiye anayemchukua mtoto wazazi wakifa. Mkristo analijua hilo, na Mwislamu wa nyumba ya pili analijua pia. Tarehe 1 Juni 1947 Yuditha alibatizwa, dada akapewa cheti, tukala pilau. Tulidhani mambo yamekwisha.

Mwaka 1949 manamba wa Urundi walimaliza mkataba, ikatoka orodha ya watakaorudishwa kwao. Jina la Yuditha lilikuwamo. Mtoto wa miaka miwili, hana mama, hana baba, apandishwe lori na watu wasiomjua! Dada alikwenda ofisi ya shamba na mtoto mgongoni. Alisema, "Bwana, huyu hajaweka dole gumba kwenye mkataba wowote. Ni kazi gani aliyoshindwa mpaka arudishwe?"  Wakubwa wa shamba wakamwelekeza kwenye ofisi ya serikali, ambayo siitaji kwa jina, mnaijua.

Pale aliambiwa alete karatasi. Alileta cheti cha ndoa. Alileta barua ya jumbe wa kijiji kwamba ana nyumba na shamba. Akaambiwa alete barua ya daktari kwamba hana kizazi, na barua hiyo ikasomwa kwa sauti mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Hilo sijalisamehe. Mwisho alitoa cheti cha ubatizo, ambacho mimi nilimwambia ndiyo silaha yetu.

Karani alikitazama. "Mama, hapa imeandikwa wewe ni mama wa ubatizo."

"Ndiyo, baba."

"Basi mama mzazi ni mwingine, na ni mtu wa Urundi. Umejishuhudia mwenyewe. Lete kibali cha ndugu zake, chenye muhuri wa serikali ya Wabelgiji."

Dada hakunilaumu hata siku moja. Mimi najilaumu leo, mbele yenu.

Mwaka 1950 aliacha kazi ya zahanati, yeye na shemeji wakahamia hapa Kwaluguru kulima, ili mtoto asihesabiwe tena kuwa wa kambi. Mwezi Julai 1952 alikifuata kibali. Alipanda basi hadi Morogoro, treni hadi Kigoma, meli hadi Usumbura, kisha akatembea siku tatu milimani na Yuditha, aliyekuwa na miaka mitano. Alimkuta mama mzazi wa marehemu Nyandwi, mjane, akipalilia maharage. Mkalimani alikuwa mchuuzi mmoja aliyewahi kukata mkonge huku kwetu. Bibi yule alimgeuza mtoto mbele na nyuma, akamkagua meno, akauliza kama anakula vizuri. Halafu akaomba aelezwe ile karatasi ni ya nini.

Alipoelezwa alikasirika. Alisema, "Binti yangu alichukuliwa na lori pamoja na mumewe. Hakuna aliyekuja kuniomba dole siku ile. Alipokufa hakuna aliyekuja kuniambia. Leo mtoto amepata mama, ndiyo wanataka dole langu?"

Kisha akaliweka. Alimwambia dada, "Mimi ni mzee. Mlee. Wakikuuliza, sema bibi yake amekupa."

Ndugu zangu, maneno hayo yalipaswa kutosha. Muhuri wa Wabelgiji ulipatikana baada ya siku tisa za kusubiri nje ya mlango. Huku kwetu karatasi ikakataliwa kwa kuwa ilikuwa ya Kifaransa. Ikapelekwa Dar es Salaam kutafsiriwa. Mwaka 1954 tukaambiwa imepotea. Mwaka 1956 ikapatikana, tukaambiwa imepitwa na wakati, kibali ni cha mwaka mmoja tu, twende tukatafute kingine. Na bibi alikuwa ameshakufa. Dada aliuliza sasa dole alipate wapi, kaburini? Karani akamwambia asilete ujeuri ofisini.

Mwaka 1957 walimwita Yuditha mwenyewe wamhoji. Alikuwa na miaka kumi. Karani alimuuliza, "Kwenu wapi?"

"Kwaluguru, nyuma ya muhogo wa mjomba Ernesti."

"Nauliza kwenu kwa asili."

"Hapo hapo, shikamoo. Nyuma ya muhogo."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Kila akisimulia alicheka upya, na wengi wenu mlimsikia.

Ugonjwa ulimwanza mwezi Machi mwaka huu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo, akamkataza safari. Lakini barua za kumwita ofisini hazikukatazwa. Alikwenda mara nne kati ya Machi na Septemba, akisimama kila hatua chache. Mara zote nne aliambiwa mhusika hayupo. Tarehe 28 Oktoba alilazwa hospitali. Tarehe 2 Novemba barua ya mwisho ililetwa hapa nyumbani, nikaisoma mimi. Inasema mtoto Yuditha apelekwe ofisini Jumatatu tarehe 14 Novemba, saa mbili asubuhi, kwa mipango ya kurudishwa Urundi. Dada hatukumwambia. Nadhani alijua, maana Jumatano jioni alinishika mkono akasema, "Ernesti, usimwache mtoto aende peke yake."

Alifariki Alhamisi tarehe 10 Novemba 1960, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na minane.

Shemeji alitaka barua zile zote, thelathini na moja, tuzizike naye. Nimekataa. Bado tuna kazi nazo.

Mwalimu Laurenti, aliyetupigia chapa ratiba hii, aliniuliza jana kama kwenye orodha ya walioachwa aandike "mtoto wa kulea". Aliuliza kwa nia njema. Nilimwambia hapana, na sasa naisoma kama ilivyoandikwa.

Marehemu ameacha mama, Paulina. Ameacha mume, Yordani. Ameacha mdogo wa kiume, ambaye ni mimi, na mdogo wa kike, Rosina. Ameacha mtoto mmoja, Yuditha, mwanafunzi wa darasa la sita.

Kwetu Uzigua mjomba ana sauti juu ya mtoto wa dada yake. Mimi ndiye mjomba. Kama kuna mtu hapa, wa ukoo au wa serikali, anayesema Yuditha si mtoto wa Grasiana, na aseme sasa, kabla hatujafukia.

Nimesubiri. Hakuna aliyesema. Yuditha, mwanangu, njoo utie udongo wa kwanza.

Keshokutwa, Jumatatu, ni siku ya tatu ya matanga. Hatutakaa hapa. Mbwana, jirani yetu, ametoa lori lake, na litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Chukueni mikeka na sufuria. Matanga ya Grasiana tutayamalizia kwenye baraza ya ofisi ile, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Yuditha katikati. Watupishe tukae, au watupe karatasi.

Dada, umetembea vya kutosha. Pumzika kwa amani. Jumatatu tunakwenda sisi.