Maji Yanazunguka Yenyewe

Gari ya Uroa ilipofika Dunga, Pandu alikuwa keshaijua habari yote ya Badria, msichana aliyekaa mbele yake. Msichana huyo alikuwa katoka kuifunga nyumba ya mamaake, aliyemhamishia kwake Mji Mkongwe, ghorofa ya tatu.

“Kila siku analilia shamba,” Badria alimwambia Bi Sichana, mkulima wa mwani aliyekaa ubavuni mwake. “Basi nnataka nimnunulie mtambo wa kuotesha mchicha kwa maji, bila ya udongo.” Akamwonyesha picha kwenye simu. “Huu una pampu. Maji yanazunguka yenyewe, hagusi kitu.”

“Na hizi ndoo?”

“Hizo za wanaoanza. Lazima mtu azitazame, aongeze maji kwa mkono.”

Moyoni Pandu aliichagua pampu, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Bi Sichana akacheka. “Miaka ishirini nnalima bila ya udongo, mwanangu. Sasa maji yakizunguka yenyewe, mama ataamka kufanya nini?”

“Atapumzika.”

“Kakwambia kachoka?”

Gari ilikuwa ishasimama Mwanakwerekwe. Pandu, ambaye wanawe waliiuza ngalawa yake mwaka jana ili apumzike, alisahau kushuka.