Bao la Kumi na Saba

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kibandani, mhudumie huyo mteja kisha usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Kavutha Mutie. Mwalimu wa hesabu, na kocha wa mpira wa magongo wa wasichana. Alituacha wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sitini na mmoja, na Jumamosi iliyopita akazikwa kwao Mwingi.

Narudia kwa waliochelewa: Kavutha Mutie. Hesabu na magongo. Yashike hayo mawili, maana hapo ndipo penye kisa. Mwanamke huyu alikuwa anazidisha tarakimu nne kwa nne kichwani, chaki mkononi, huku anamkemea mtu aliyelala dawati la nyuma. Na mwanamke huyohuyo, kwa miaka kumi na tisa, alikataa katakata kuhesabu mabao ya msichana yeyote.

Shule yenyewe ni ya kutwa, iko pale Kangemi inapopakana na Kitisuru. Upande mmoja wa uwanja ni mabati, upande wa pili ni ukuta mrefu wa matajiri. Mpira ukivuka ukuta ule, ama unarudi na alama za meno ya mbwa, ama haurudi kabisa. Uwanja nao umeinama. Timu ngeni zilikuwa zinalalamika mpaka basi. Mwalimu Kavutha alisimama nyuma ya goli, si kando ya uwanja kama makocha wengine, na kazi yake ilikuwa kutazama tu na kukunja uso.

Kila Jumatatu kwenye paredi alipanda jukwaani. "Tumeshinda tatu kwa moja. Nani alifunga?"

Wasichana wote, hata wale ambao hawajawahi kushika gongo: "Sisi!"

"Nani?"

"Sisi!"

"Haya, nendeni darasani."

Basi. Hakuna jina. Mwalimu mkuu alimwomba walau jina moja la kubandika ubaoni. Akajibiwa, "Andika jina la shule."

Kwa nini? Mumewe, Mzee Muasya, ametueleza. Kavutha alipokuwa msichana huko Mwingi alikuwa kipa. Na kipa, jamani, huhesabiwa kitu kimoja tu: yaliyompita. Siku moja walifungwa manne. Kesho yake mwalimu wao akasoma wafungaji wa msimu mzima paredini, watu wakapiga makofi, kisha akamalizia, "Na Kavutha, manne." Shule nzima ikacheka. Muhula mzima aliitwa Manne. Akienda kuchota maji, Manne. Akiwa kanisani, Manne. Siku ile ile ya mechi alikuwa ameokoa mipira kumi na mmoja, na hakuna aliyeiandika.

"Aliapa," anasema Mzee Muasya. "Aliniambia hata kabla ya harusi. Hakuna mtoto wa mtu atakayegeuzwa namba mbele yake."

Kiapo kizuri, sivyo? Na kilifanya kazi. Wasichana wale walikuwa wanapasiana mpira kama ndugu. Sasa ngoja nikwambie kilivyomgeuka.

Mwaka wa 2013 timu ilikuwa na mshambulizi aitwaye Stacy Obuya, kidato cha nne. Lo, msichana yule! Akiingia na mpira kwenye duara la mbele ya goli, kipa anaanza kuomba. Mama yake, Selpher, alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za Kitisuru, na siku za mechi alisikia kelele akiwa upande wa pili wa ukuta. Nyuma ya Stacy alicheza Kasyoki, kiungo wa maneno machache kutoka Uthiru. Hao wawili walielewana bila kutazamana.

Chuo kimoja mjini kikatangaza nafasi moja ya ufadhili kwa mchezaji wa magongo wa kike. Nafasi moja tu. Fomu ikafika shuleni. Ilikuwa na mstari unaouliza: mabao aliyofunga mchezaji msimu huu. Mwalimu Kavutha akaandika kwa mwandiko wake safi: "Timu ilifunga mabao thelathini na manne. Hatuhesabu mtu mmoja mmoja." Akatia sahihi. Akapiga muhuri. Na alijisikia vizuri, wasikilizaji. Alirudi darasani akitabasamu.

Nafasi ikaenda kwa msichana wa shule nyingine. Mabao tisa. Hebu sikia tena: tisa.

Selpher alikuja shuleni na mikono bado inanukia sabuni. Akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu mpaka mwalimu akatoka. Hakupiga kelele.

"Mwalimu, wewe unasema hukuhesabu," akasema. "Ulihesabu. Uliandikia mtoto wangu sifuri."

Selpher akamshukuru kwa kumsikiliza, akaenda zake. Mwalimu alikuwa anasema baadaye kwamba afadhali angetukanwa. Siku hiyo alipoingia darasa la kidato cha pili aliwapa zoezi, akasimama dirishani kipindi kizima, akitazama ule uwanja ulioinama. Kile alichofanyiwa na mwalimu wake, naye alikuwa amemfanyia mtoto wa mwenzake. Njia tofauti, maumivu yale yale.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, Jumamosi, alienda Kenyatta Market. Moshi wa nyama choma kila mahali, na wasusi wanamvuta mkono: "Mathe, kuja tukusuke!" Akapita mstari baada ya mstari wa vibanda mpaka akamwona Stacy, anajifunza kazi, uzi umemzunguka vidole.

"Ticha? Umepotea?"

"Nimekuja kusukwa."

"Wewe? Na hizo nywele fupi hivyo?"

"Suka tu. Na ukiwa unasuka, uniambie mabao yako. Moja moja."

Stacy akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Ya nini sasa? Hiyo nafasi ilienda, ticha."

"Najua. Nataka kuyaandika."

Stacy akasuka mistari miwili. Mstari wa tatu akaanza kuyataja. La kwanza lilikuwa siku ya mvua, Kasyoki alinyang'anya mpira katikati ya tope. La pili, beki fulani alimpa pasi ndefu mpaka akashtuka. Kila bao alilotaja, alitaja na mtu mwingine. Mwalimu hakuwa amemwomba. Alikuwa na daftari la jalada la buluu magotini, na kila akiinama kuandika, anapigwa kidogo begani: "Ticha, kichwa!" Ndiyo maana mwandiko wa kurasa zile umepinda. Aliandika bila kutazama.

Walipofika la kumi na saba, mikono ya Stacy ikasimama kidogo.

"Hilo ni la nusu fainali. Hilo ni langu."

"Peke yako?"

"Langu, ticha."

Mwalimu akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko mabao mengine, na Stacy hakumuuliza anaandika nini. Jumla ikawa ishirini na matatu. Mabao ishirini na matatu, na yule mwingine alichukuliwa kwa tisa! Hata mimi damu inanichemka nikisoma hapa.

Tangu siku hiyo kila bao la shule ile liliandikwa majina matatu: aliyenyang'anya mpira, aliyetoa pasi, aliyefunga. Kipa alipata ukurasa wake wa mipira aliyookoa. Na bao walilofungwa? Halikuandikwa jina la mtu. Liliandikwa "letu". Mwanzoni wasichana walimsumbua. "Ticha, umeniandika?" Kutwa nzima, umeniandika, umeniandika. Dawa yake ilikuwa moja: ukiuliza lako, unasoma ukurasa mzima wa wenzako kwa sauti, timu yote ikisikiliza. Wakazoea. Makocha wengine walisema namba zitawaharibu watoto. Yeye alisema namba haziharibu mtu, ila usiache mtu nje.

Na Stacy? Aliendelea kusuka. Akapata kibanda chake mwenyewe chenye viti vitatu. Mwalimu Kavutha alikuwa anasukwa hapo kila baada ya wiki tatu, miaka yote hiyo. Walicheka, walisengenya, walikula nyama. Lakini ile fomu hawakuitaja kamwe. "Sijui kama alinisamehe," alimwambia mumewe. "Na naogopa kumuuliza." Hilo, wasikilizaji wapendwa, alilibeba zaidi ya miaka kumi.

Mwaka wa 2023 fomu kama ile ikaja tena. Safari hii mchezaji alikuwa Mukai, beki. Miaka minne, mabao sifuri. Mwalimu Kavutha hakuituma. Aliipeleka mwenyewe, ofisi iliyoko katikati ya jiji, ghorofa ya sita, na lifti imekufa. Kifua chake kilikuwa tayari kinamsumbua. Alipumzika kila ghorofa.

Afisa alikuwa kijana wa tai. "Mabao mangapi, mwalimu?"

"Sifuri."

"Sasa mwalimu..."

"Ngoja kwanza." Akamfungulia daftari. "Safu ya kwanza, ya walionyang'anya mpira. Hesabu wewe mwenyewe jina lake."

Kijana akahesabu kwa kalamu. Kati ya mabao thelathini na moja ya timu, kumi na tisa yalianzia kwa Mukai. Akahesabu tena. Akaenda kumwita mkubwa wake, naye akahesabu.

Mukai yuko chuoni sasa hivi. Ametuambia kwa simu: "Mimi nilikuwa nadhani nacheza tu. Haki sikujua kuna mtu ananiona huko nyuma."

Kutoka ofisi ile mwalimu alienda moja kwa moja Kenyatta Market kumpa Stacy habari. Stacy aliisikia yote. Kisha akageuka, akapanga vitana ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Ilikuwa yako hiyo," mwalimu akasema.

"Kaa nikusuke, ticha," Stacy akasema.

Mwaka jana mwalimu alistaafu. Mwaka huu kifua kikamshinda. Familia ilipotaka mtu wa kumtengeneza nywele kwa mara ya mwisho, hawakutafuta mbali. Stacy alifunga kibanda, akaja na uzi wake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwingi, Jumamosi, baada ya maziko. Watu wanakula. Mzee Muasya anamwita Stacy pembeni ya hema, anampa daftari la buluu, lile la kwanza. "Alisema upewe wewe." Kasyoki alikuwa amekaa hapo hapo. Siku hizi ni fundi wa umeme, Kawangware wanamjua.

Stacy akafunua ule mwandiko uliopinda. La kwanza, la pili, la tatu. Akafika la kumi na saba. Mwalimu alikuwa ameandika hivi, na Stacy ameturuhusu tuwasomee: "Stacy anasema ni lake. Mimi nilikuwa nyuma ya goli. Mpira ulikuwa unatoka nje, gongo la Kasyoki likaugusa ukaingia. Lakini mabao mengine yote nilimnyima jina. Hili namwachia."

Stacy akaketi chini, kwenye mchanga, na nguo yake nyeusi. Akalia vile hakuwa amelia kaburini.

Kasyoki akasoma juu ya bega lake. "Nilijua," akasema. "Siku zote nilijua. Wachana nayo, Stacy."

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Wewe ulikuwa unahitaji hiyo nafasi kuliko mimi."

"Leta kalamu."

"Stacy, wachana nayo."

"Kasyoki, leta kalamu!"

Akafuta jina lake kwa mstari mmoja. Akaandika Kasyoki. Chini ya ukurasa akafuta ishirini na matatu, akaandika ishirini na mawili. Kisha akaandika maneno mengine mawili, akamrudishia Mzee Muasya daftari. Mzee alituambia ilibidi atafute miwani. Maneno yenyewe ni haya: "Ticha, yameisha."

Kwa Mzee Muasya, kwa watoto na wajukuu, kwa Mama Selpher, kwa wasichana wote waliopita kwenye uwanja ule ulioinama: poleni. Poleni sana. Mungu awape nguvu, na amlaze mwalimu wetu pema.

Na wewe unayesikiliza, kabla hujaendelea na shughuli zako, mfikirie mtu mmoja aliyekunyang'anyia mpira, akakupa, kisha akakaa kimya watu walipokupigia wewe makofi. Kama yuko hai, mpigie simu leo. Mtaje jina.

Acha nianze mimi, maana niliona aibu nilipokuwa naandaa kipindi hiki. Kwa miaka minane mnasikia jina langu tu, Dedan, Dedan. Lakini anayetafuta hizi simu, anayekata na kuunga sauti hizi, anayekaa nyuma ya kioo hapa mbele yangu na sasa hivi ananionyesha kwa mkono ninyamaze, anaitwa Millicent Nafula. Sijawahi kumtaja hata siku moja. Millicent, pole. Na asante.