Kiti Kilichoelekea Mlangoni: Historia ya Marehemu Fiacre Bigirindavyi

Wachungaji wetu, wazee wa jumuiya ya Warundi wa Johannesburg, majirani wa Rosettenville, na ninyi walimu na wanafunzi wa vyuo saba mliokuja mmevaa jezi zenu, familia inawashukuru kwa kufika, na imenituma mimi Gaël, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mzee wetu, nayo ni maisha ambayo mwenyewe aliyafurahia kuliko wengi wetu tunavyoyafurahia ya kwetu, kwa hiyo mkiona mahali pa kucheka, chekeni, hatakasirika.

Marehemu Fiacre Bigirindavyi alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Nyanza-Lac, mkoa wa Makamba, kusini mwa Burundi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Barampenda na Mama Emérite. Alianza shule ya msingi hapo hapo Nyanza-Lac mwaka 1966, na alikuwa darasa la sita mwaka 1972 mauaji yalipoingia kwao, mama yake akawabeba watoto na kuvuka nao mpaka Kigoma, kisha wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nchini Tanzania, huku baba amebaki nyuma na hakuna aliyejua kama yu hai. Huko Ulyankulu Mama Emérite alianza desturi yake mwenyewe, ambayo hatuwezi kuiruka, kwa sababu mambo mengi ya marehemu yalitokana nayo: kila jioni alipopanga viti vya kulia chakula, aliweka na kiti cha mumewe, akakigeuza kielekee mlangoni, na majirani walipomsihi aache kujitesa, awahesabu waliopo, aliwajibu kwamba msafiri hafutwi, anageuziwa kiti. Kiti hicho kilikaa hivyo miaka mitatu, mpaka tarehe 2 Novemba 1975, Mzee Barampenda alipoingia kwa miguu yake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akakikalia bila kuuliza ni cha nani, akaomba maji. Marehemu alikuwa na miaka kumi na sita, na aliyaona kwa macho yake.

Alimaliza sekondari Tabora mwaka 1979, akapata cheti cha ualimu mwaka 1981, somo lake likiwa michezo, na kuanzia mwaka huo alifundisha shule za msingi za Ulyankulu kwa miaka kumi na miwili. Tarehe 5 Julai 1986 alifunga ndoa na Bi Olive Kaneza, ambaye wakati wa uchumba alikuwa nahodha wa timu ya netiboli, na marehemu alikuwa mwamuzi aliyempulizia filimbi mara tatu katika mchezo mmoja, hata Bi Olive akamwambia mbele ya watu kwamba mwanamume mwenye makosa mengi hivyo ya kumwambia aende akayaseme kwa baba yake, naye akaenda kweli, Jumapili iliyofuata, amevaa koti la kuazima. Mungu aliwajalia watoto watatu, Inès aliyezaliwa mwaka 1988, Hugues mwaka 1991, na Astère, kitinda mimba, aliyezaliwa hapa Johannesburg mwaka 2005, ambaye alisemeshwa Kiswahili na baba yake maisha yake yote na maisha yake yote akamjibu kwa Kizulu, na walielewana.

Mwaka 1993 familia ilirudi Burundi kwa matumaini, na matumaini hayo hayakumaliza mwaka, wakakimbia tena, wakaishi makambini Kigoma, mpaka marehemu alipoamua kuteremka kusini, akafika Johannesburg tarehe 9 Desemba 2002, na mkewe na watoto wakamfuata mwaka uliofuata. Mwalimu huyu hakuona haya kuvaa sare ya mlinzi, na mwaka 2004 aliajiriwa kulinda geti la chuo cha kompyuta kule Marshalltown, mahali ambapo wanafunzi walicheza mpira nyuma ya jengo bila mwamuzi wala mpangilio, wakigombana kila Ijumaa, hadi siku moja mlinzi wa geti alipowaendea na filimbi yake ya ulinzi, akapuliza penalti, na eti hakuna aliyebisha, kwa jinsi walivyoshangaa.

Kutokana na filimbi hiyo, tarehe 21 Aprili 2007, vyuo sita vidogo vya mji huu na viunga vyake vilianzisha Umoja wa Michezo wa Vyuo Vidogo, na kwa kuwa mlinzi wa geti ndiye pekee aliyekuwa ameandika matokeo yote ya mwaka mzima, wakamchagua yeye kuwa Katibu, cheo alichokishika miaka kumi na minane, na ndilo jina ambalo wengi wenu mlimjua nalo. Katika mkutano wa kwanza alipanga viti sita kwa mduara, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la chuo, na akiisha kufunga mkutano alizunguka na daftari lake, kiti baada ya kiti, akiandika ratiba ya msimu kwa kufuata majina ya karatasi zile, na hakuwahi kuiandika ratiba kwa namna nyingine yoyote.

Umoja mdogo, ndugu zangu, ni kama nyumba ya kupanga, watu huingia na kutoka. Mwaka 2011 chuo cha hoteli kiliondoka kwenda ligi ya Pretoria, mwaka 2012 kikaingia chuo cha Biblia, ambacho vijana wake walisali sana kabla ya mchezo na kucheza rafu sana ndani yake, mwaka 2016 chuo cha wauguzi kilifungwa, na mwaka 2017 kikaingia chuo cha ushonaji, kikiongozwa na Madamu Samira, mzaliwa wa Tanga, mwanamke mnyoofu kama rula, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa Umoja. Kila chuo kilipoondoka, wajumbe walitaka karatasi yake ichanwe na kiti kirudishwe stoo, na kila mara Katibu alikataa, akakigeuza kiti kielekee mlangoni na kukiacha pale pale kwenye mduara msimu mzima, na Madamu Samira alimwambia waziwazi kwamba mkutano si matanga, na kwamba katiba haina kifungu cha viti.

Kifungu ambacho katiba ilikuwa nacho ni kingine, nacho kilitukosesha usingizi: Umoja ukiwa na wanachama pungufu ya watano kwa misimu miwili mfululizo, unavunjika, na kibali cha kutumia uwanja wa manispaa kinakwisha. Mwishoni mwa mwaka 2021 vyuo viwili viliondoka kwa mpigo kwenda ligi kubwa ya Midrand, cha biashara na cha ufundi cha Ntathakusa kule Diepsloot, na barua ya Ntathakusa ililetwa kwa mkono na mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Théodore, Mkongo wa Uvira, ambaye alimkabidhi Katibu bahasha akitazama viatu vyake, akasema eish, mzee, si mimi, ni mkuu wa chuo. Wakabaki wanne. Msimu wa 2022 ukapita na wanne, na hapa nyumbani tulimwona marehemu akizunguka vyuo vya mji mzima kwa miguu, akipanda ngazi za majengo ya katikati ya mji akiwa na ugonjwa wa sukari uliogunduliwa mwaka 2015, akiomba chuo kimoja tu, na kila alikokwenda alipewa kiti, chai na jibu la hapana. Alihuzunika, na hakutuficha, alimwambia mkewe kwamba amekimbia nchi yake mara mbili, kwa hiyo anajua nyumba inayokaribia kuvunjika inavyonuka.

Tarehe 4 Machi 2023 ukafanyika mkutano ambao wote waliamini ni wa mwisho, vyuo vinne vikakaa, viti viwili vikaelekea mlangoni, na baada ya sala Katibu alizunguka na daftari kama kawaida yake, macho yakiwa yamekwisha kuingiwa na ukungu kwa sababu ya sukari, na jioni ile akaituma ratiba kwa wasapu kwa vyuo vyote alivyokuwa na namba zake. Katika ratiba hiyo, Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, saa nne asubuhi, chuo cha ushonaji kilipangiwa kucheza na Ntathakusa. Alikuwa ameandika kiti kilichogeuzwa.

Hakuna aliyeliona kosa hilo mpaka siku yenyewe, kila mmoja akitazama tarehe na saa zake tu. Kumbe huko Midrand vijana wa Ntathakusa walikuwa wamefungwa mabao tisa, kisha saba, kisha wakaanza kukosa hata wa kuwafunga, maana ligi ile iliwapangia mechi chache za kuwaburudisha wakubwa, na ratiba ya Katibu ilipofika kwenye simu ya Mwalimu Théodore, aliisoma mara tatu, akadhani wamesamehewa, akaipeleka kwa mkuu wa chuo, naye mkuu, ambaye alikuwa anatafuta njia ya kurudi bila aibu, akasema basi, kama wametupangia, twende. Asubuhi ile teksi mbili zikateremka kutoka robot, taa ya mwisho ya barabarani kabla ya uwanja, zimejaa vijana wa netiboli na wa mpira wa miguu, wanaimba, na Madamu Samira akasimama katikati ya uwanja na katiba mkononi, akauliza nani kawaita hawa.

Marehemu alikuwa na nafasi ya kusema lolote, na alisema kweli: kwamba ni kosa lake, amezeeka, macho hayaoni, ameandika jina lisilostahili, na kama Umoja unataka kumwondolea ukatibu, uutoe sasa hivi. Kisha akaongeza kwamba katiba inaruhusu mkutano wa dharura popote wajumbe wote wanapokuwepo, nao wote wapo, wamesimama kwenye nyasi, basi wapige kura. Mikono mitatu ikanyanyuka upesi. Madamu Samira akamtazama Mwalimu Théodore, ambaye safari hii hakutazama viatu vyake, akawatazama na vijana waliokuwa wamekwisha kuvaa jezi, akakunja katiba, akanyanyua mkono wake, akasema sharp, sawa, lakini sisi tunaanza na mpira. Wakawa watano, Umoja ukapona, na Ntathakusa wakafungwa mabao mawili kwa moja na kurudi Diepsloot wakiimba vilevile.

Bi Olive husema mpaka leo kwamba macho yale yaliyoshindwa kuona kiti hayakuwahi kushindwa kuona mnofu ndani ya sufuria, lakini marehemu aliapa mpaka mwisho kwamba ni kosa, na kwamba kati ya makosa yote aliyoyatenda, hilo hakuwahi kuliombea toba. Mwaka 2024 chuo cha biashara nacho kikarudi, chuo kipya cha udereva kikajiunga, na tarehe 1 Machi 2025, katika mkutano wake wa mwisho, vyuo saba vilikaa kwa mduara na hakukuwa na kiti hata kimoja kilichogeuka, na mwanawe Hugues, aliyempeleka kwa gari, anasema baba alichelewa kuondoka, alikuwa amekaa tu akiviangalia, ameridhika.

Figo zake zilianza kushindwa mwezi wa tano mwaka huu, akalazwa hospitali tarehe 28 Julai, na usiku wa kuamkia tarehe 14 Agosti 2025, akiwa na miaka sitini na sita, Bi Olive na watoto wote watatu wakiwa karibu, alituaga. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompasha habari za ugonjwa wake bila kumficha, majirani wa Rosettenville mliopika siku tisa bila kuulizwa, mama wa spaza, lile duka dogo la kona, aliyetupa mkate na maji, kanisa, walinzi wenzake wa Marshalltown, na Umoja wote wa vyuo. Na wewe Madamu Samira tunakushukuru kwa namna ya pekee, maana Jumamosi iliyopita mlipokutana bila yeye, kuna mtu alitaka kuondoa kiti cha Katibu kwenye mduara, nawe ukainuka mwenyewe, bila kifungu chochote cha katiba, ukakigeuza kielekee mlangoni.

Mzee wetu, tunajua kiti hicho hutakikalia tena. Lakini tunakujua pia wewe, na tunaamini huko ulikofika umekwisha kutuwekea viti vyetu, kila kimoja na jina lake, na vyote vimeelekea mlangoni. Tutakuja, usiwe na haraka. Pumzika kwa amani, Katibu.