Morgan Ochola, Mpasuaji Aliyepasuliwa

Kwa unyenyekevu mkubwa, familia inautangazia umma, kanisa, na wale waliokuja kuchungulia jeneza tu: ni kweli, marehemu Morgan Ochola alipasuliwa. Kisha akashonwa. Hakuna kipande chake kilichobaki Lodwar.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 huko Sondu, mdogo wake mzee Omollo aliyeketi pale mbele. Alisoma hukohuko, akapata cheti cha afya ya mifugo, na mwaka 1992 serikali ikamtuma Turkana. Wenzake walitumwa huku kama adhabu, wakalia hadi wakahamishwa. Yeye alikaa.

Kutoka Nakalale hadi Kataboi alipasua mbuzi, punda na ngamia waliokufa ghafla. Mfugaji akidai jirani amemrogea mbuzi, Morgan alitoa ini lililojaa malengelenge ya maji, akamwonyesha. "Mchawi wako ni mbwa. Wacha kumtupia matumbo mabichi." Kesi ikaisha, majirani wakaamkuana ejok. Mwenyewe alifuga mbwa aliyeitwa Waziri, kwa sababu alikula bila kufanya kazi. Walikula sahani moja. Mkewe, Chepngetich, alikemea, akachoka.

Huyo Chepngetich, muuza mboga wa Kakuma, alimwoa mwaka 1998.

Jumapili tarehe 4 Mei 2025 Morgan alikunywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu cha Chepngetich, akapanda pikipiki, akateleza kwenye mchanga karibu na kanisa, akaangukia tumbo. Aliinuka akicheka. Muda si muda akavimba uso, pumzi ikamkatikia. Mwili haujafika mochari ya Lodwar, mzee Omollo alishakamata kibuyu.

"Maziwa gani haya meusi?"

"Ni mkaa, shemeji. Umeyanywa hapa miaka yote."

"Niliyokunywa mimi hayakuniua."

Basi. Kuanzia hapo chai ya Chepngetich ilimwagwa nyuma ya hema na wanawake waliokuja kumliwaza. Daktari alipoomba ruhusa ya kumpasua marehemu, mzee Omollo, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikataa: "Mwili ni hekalu. Ndugu yangu si mbuzi."

Haya. Hekalu lisiguswe, lakini mjane aitwe muuaji hadi afe. Mbuzi wa Nakalale alistahili kujulikana kilichomuua. Mume wa mtu hakustahili. Dini gani hiyo inayoogopa kisu lakini haiogopi ulimi?

Chepngetich aliweka sahihi peke yake, shemeji zake wamempa mgongo.

Daktari alikuta uvimbe wa maji kwenye ini, wa miaka mingi, uliopasuka alipoanguka, maji yake yakawa sumu mwilini. Ugonjwa uleule wa mbwa. Mursik haikuwa na hatia. Watu waliomwaga chai bado hawajaomba radhi. Labda foleni ya pilau ni ndefu.

Marehemu ameacha mjane, Chepngetich. Mabinti, Ashley na Achai. Kaka, mzee Omollo. Na Waziri, ambaye tangu msiba ndiye pekee aliyeinamisha kichwa.

Alale salama mahali pasipo fitina. Na wanaouliza kama mwenyewe angekubali, alishajibu. Krismasi iliyopita alisema mezani kwamba akifa ghafla apasuliwe. Mzee Omollo akaweka kijiko chini, akamwuliza siku ya parapanda atafufukaje, ameshonwa kama gunia la mahindi.

Morgan alimalizia supu yake.

"Polepole," alisema.